Kipande Namba Kumi na Nne

Usiuite mgomba, alinikanya baba,
ingawa majani ni yale yale
na shina ni lile lile lililojaa maji.
Huu hauzai ndizi ya kuliwa. Huu ni abaka.
Tunda lake limo shinani
na halitoki ila kwa kisu.

Nilimwona hivyo utoto wangu wote, mlimani juu ya Virac:
mguu mmoja kwenye kikanyagio,
akivuta ukanda chini ya makali yenye meno,
maji yakimtiririka viwikoni,
nyama ya shina ikibaki nyuma
na mbele yake, ghafla, nywele nyeupe
ndefu kumpita yeye.
Mgongo wake ulipinda kwa nyuzi zilizonyooka.

Mimi niko Laguna, chumba chenye ubaridi,
koti jeupe, jina kifuani: L. Tabuzo.
Kazi yangu ni kuvunja.
Wenzangu huyeyusha plastiki, huilisha nyuzi,
huibana kwenye kalibu ya moto iwe bamba la mlango wa gari.
Mimi hukata vipande vyenye kiuno cha nyigu,
kwani kamba hukatikia pembamba
nasi twataka kujua ni lini.
Taya mbili za mashine huking'ata. Navuta.

Vya kwanza vilivunjika kwa aibu.
Nikalitazama jeraha kwa hadubini:
nyuzi hazikukatika. Zilichomoka
safi, kama upanga alani,
zikaacha vishimo vitupu.
Nguvu ilikuwepo; haikuwa na pa kushika.
Uzi hupenda maji, umenyeshewa tangu chipukizi.
Plastiki ni mtoto wa mafuta, maji haiyataki.
Umewalaza kitanda kimoja,
kila mmoja amegeukia ukuta wake.

"Tuuogeshe," akasema mhandisi Evarista Quimbo.
Magadi makali, nusu saa,
nta itoke, ngozi ichubuke kidogo,
plastiki ipate pa kuingiza kucha.
Fungu moja tulilisahau usiku kucha.
Asubuhi lilikuwa uji.

Novemba kimbunga kikapita kisiwani.
Siku ya sita simu ikalia.
"Yote imelala," alisema baba,
kwa sauti ya mtu aliyetoka kufunika watoto shuka.
Chipukizi jipya litataka miaka miwili.
Akaleta mwenyewe, kwa meli kisha basi,
robota moja lililonusurika chini ya kitanda chake.

Nikaliogesha kwa saa mkononi.

Siku ya kuvuta alikaa kwenye kiti cha wageni,
kofia magotini. Akaligonga bamba kwa kifundo.
"Jepesi," akasema. "Nami nimo wapi?"
Nikamwonyesha ukingoni, palipokatwa:
kama unywele kwenye sabuni.

Nikasita kubonyeza.
"Vuta. Mimi nimevuta miaka arobaini,
hakuna aliyenionea huruma."

Mstari ukapanda kwenye kioo,
ukapita walipoangukia kumi na watatu,
ukazidi kupanda, polepole,
kama yeye na mzigo kwenye ile njia ya matope.
Kisha tukasikia: tik. Tik.
Mvua inayoanza juu ya bati.
Uzi mmoja. Mwingine.
Halafu mlio mmoja mkavu, na kimya.

Kilivunjika vibaya, na vibaya ndivyo tulivyotaka:
mdomo wenye manyoya,
nyuzi zimekatikia katikati,
zimeng'ang'ania mpaka mwisho.
Evarista alipiga makofi mara mbili, akajizuia.

Baba alichukua nusu moja, akainusa.
"Hainuki mlima," akasema,
akaitia mfukoni mwa shati.
Nusu ya pili nikaibandika lebo.

Kwenye ngazi ndipo aliponiuliza
kilo wananunua bei gani sasa,
kwa kuwa imekuwa na nguvu hivyo.

Nikamtajia.

"Ah," akasema, akivaa kofia.
"Ile ile."