Mishono Hamsini

Miaka ishirini na mbili miguu yangu imekanyaga cherehani,
imekwenda, imekwenda,
na bado ipo hapa Lushoto, chini ya meza ileile,
kati ya vipande vya kaki na maganda ya karanga.
Ningeinyoosha njia yote hiyo, ningeshafika Kongo.

Basi Januari, sare za shule zilipokwisha
na mlango ukabaki wazi bila mteja,
nilikata utepe wa kaki, upana wa vidole viwili,
nikachora kwa chaki vijistari hamsini.
Kila nitakapopanda Irente na kurudi kwa miguu,
mshono mmoja, uzi mwekundu.
Hamsini, kabla mwaka haujafunga.
Sikumwambia mtu. Mke wangu, Mamkunde,
aliuona akadhani ni mkanda wa mteja.

Safari ya kwanza ilinitoa ulimi.
Yoghoi tu, juu hata sijakuona,
nikakaa kwenye jiwe kama mzigo uliosahauliwa.
Mama Hozza alikuwa anashuka,
tenga la mapeasi kichwani, shingo wima.
"Fundi, kuna msiba huko juu?"
Hakuna.
"Unamdai mtu?"
Simdai mtu.
"Sasa unakwenda wapi?"
Nakwenda, nikasema, halafu narudi.
Akanitazama kama mtu anavyotazama
shati lililovaliwa nje ndani.

Januari nne. Februari sita. Machi tano.
Aprili masika yakashuka, njia ikawa uji mwekundu,
nikapata mmoja tu.
Mei nilishona mitatu, lakini mmoja,
niseme kweli, niliishia kwenye mikaratusi,
na usiku ule haukunilaza.
Nikawasha taa, nikaufumua.
Julai goti la kushoto liligoma mwezi mzima,
utepe ukaning'inia kwenye msumari
ukinitazama nikipiga pasi suruali za wengine.

Agosti inakwisha, ishirini na sita.
Nikaanza kutoka kabla ya adhana,
koti juu ya koti, sindano kwenye ukosi.
Watoto wa Yoghoi wakanipa jina, Bwana Nenda-Rudi,
wakawa wananisindikiza hadi kona ya pili
wakiigiza goti langu.
Na zile asubuhi zilizokubali kufunguka
nilisimama ukingoni, Mazinde iko chini ya viatu vyangu,
mkonge umepangwa mistari hadi macho yachoke,
kana kwamba mtu ameipiga pasi nyika yote
akasahau kuikunja.

Wa hamsini, tarehe ishirini na tisa Desemba.
Ukungu.
Mazinde hakuna. Nyika hakuna.
Hata ncha ya kiatu changu, kwa mashaka.
Nilikuwa na neno nililoliweka mwaka mzima
nilisemee pale. Likaniponyoka.
Nikasikia tu, mbali chini,
jogoo wa watu nisiowajua.
Nikashona nikipapasa. Mshono ukaenda upande.
Nikauacha hivyohivyo.

Kushuka, Mama Hozza, safari hii tenga la pichi.
"Umemaliza kwenda kwako?"
Nimemaliza.
Akautua mzigo, akaupitisha utepe vidoleni
polepole, kama anayetafuta kasoro ya kitambaa.
"Na mimi ungenishonea mingapi?"
Kila siku ya soko, nikaanza, mara wiki, mara...
"Tangu niolewe," akaongeza.
Nikaishiwa uzi kichwani.
Akacheka hadi pichi zikatikisika,
akanipa mbili. "Shika. Usirudi mikono mitupu."

Nyumbani nikautandaza utepe mezani.
Mamkunde akaukunja, akauweka kando ya sufuria.
"Chumvi iko wapi?"
Chumvi gani?
"Niliyokutuma asubuhi, ukaitikia ndiyo."

Nikavaa tena viatu, bado vina tope.
Dukani si mbali, mteremko mmoja, mpando mmoja.
Njiani nikajikuta nahesabu.