Kurasa Thelathini na Moja

Urpo Kemppainen hufagia dohani huko Kainuu, Ufini,
ambako Januari jua hupiga chabo tu, kisha huenda zake.
Masizi yamehamia kwenye mistari ya viganja vyake;
mpiga ramli asingepata pa kusoma.
Akaniambia: “Saimi, nataka nionekane mtandaoni.
Kajaani, Sotkamo, Kuhmo, popote penye moto na paa.”
Akakubali kunilipa kwa ukurasa.
Hapo ndipo tulipojikwaa.

Nikaandika ukurasa mmoja. Ulikuwa mzuri, sioni haya kusema:
jinsi masizi yanavyojikunja kama sufu ndani ya tofali,
jinsi moto wa dohani unavyonguruma kabla haujaonekana.
Kisha nikanakili.
Nikafuta Kajaani, nikaweka Sotkamo.
Nikafuta Sotkamo, nikaweka Kuhmo.
Kufikia saa nane mchana nilikuwa na kurasa thelathini na moja,
watoto wa tumbo moja, waliotofautiana kofia tu.

Tukangoja. Machi, theluji ikaanza kutoka jasho.
Mwanamke wa Kuhmo alitafuta mfagia dohani
akaletewa mtu wa Oulu, mwendo wa saa tatu kwa gari.
Urpo anakaa kilomita nne kutoka kwake.

Nikafungua ripoti. Kurasa thelathini hazimo.
Hazikuadhibiwa; injini ya utafutaji haina kinyongo,
haina hata uso wa kukunja.
Ilikuta maneno yale yale, mpangilio ule ule,
hata kosa langu la tahajia, lile lile, mstari wa sita,
ikauliza, kwa namna mashine inavyouliza: yupi ndiye?
Hakuna aliyejibu. Ikachagua yenyewe.
Ikachagua Puolanka,
ambako Urpo ana wateja wawili, mmoja shangazi yake.

Na viungo vichache tulivyopewa na watu wema
(gazeti la mkoa, wazimamoto, mwenye duka la majiko)
vilikuwa vimetapakaa, kimoja huku, kimoja kule,
uji wa sufuria moja katika bakuli thelathini na moja:
kila bakuli limelowa, hakuna aliyeshiba.

Usiku ule zikanijia barua za baba.
Alifanya kazi kwenye meli ya kuvunja barafu,
na kila Krismasi alituandikia, watoto watatu, barua tatu.
Tulipotoka kumzika tulifungua maboksi mezani, tukasomeana.
Mpendwa Saimi, wewe ndiye ninayekuwaza barafu inapopasuka.
Mpendwa Aune, wewe ndiye ninayekuwaza barafu inapopasuka.
Veikko hakusoma yake. Alitoka nje
akachanja kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.
Mimi nikapekua hadi alfajiri, nikapata, pembeni mwa karatasi,
mwaka niliotimiza miaka saba:
Jino limeshaota?
Maneno mawili. Hayo tu ndiyo yangu.

Asubuhi nikampigia Urpo. “Niambie habari za Kuhmo.”
“Habari gani?”
“Yoyote isiyo ya Sotkamo.”
Akanyamaza, kisha akaanza: kunguru wanaojenga ndani ya dohani,
tanuri za mawe zinazochukua siku nzima kupoa,
bibi Hilja anayeficha ufunguo chini ya skii,
humwachia kahawa kwenye chupa na kijikaratasi cha matusi.
Niliandika vyote.
Pale alipokosa la kusema, nilifuta ukurasa,
mlango wake nikauelekeza kwenye mlango mkuu.
Zikabaki sita.
“Lakini wewe unalipwa kwa ukurasa,” akanikumbusha.
Najua, Urpo. Najua.

Mei, Kuhmo ikapanda hadi nafasi ya nne.
Yule wa Oulu bado yuko juu yetu.
Jana simu ililia. Alikuwa Hilja, anafoka:
sasa dunia nzima inajua ufunguo wake ulipo.