Hodi ya Elbio

Elbio Etcheverry hamwachi mgeni amalize.
Swali lake lina mkia, na mkia una swali.
Ndivyo asemavyo Nélida, fundi cherehani wa Salto,
akikata uzi kwa meno: "Kamwalika wa nini,
kama jibu analo mwenyewe?"

Rubén wa buchani humtetea, kisu hewani:
"Waziri ni kambare, bibi wee!
Ukimlegezea, kateleza."

Binti yake hucheka tu.
Kwake Elbio ni mtu apigaye hodi
akiwa tayari sebuleni, kavua viatu.

Kisha Alhamisi ile, mto ukirudi kitandani mwake,
akaja Ofelia, ambaye mwanawe hakuopolewa.
Elbio akauliza: "Alipenda kula nini?"

Kimya.
Hakukohoa. Hakupachika tangazo la sabuni.
Akangoja mlangoni.
Nélida aliizaba redio kofi, akidhani betri zimekufa;
Rubén alishika paja la ng'ombe bila kulikata.

"Wali wa maziwa," mama akasema. "Mdalasini mwingi."

Ijumaa Elbio alirudia yake, akamkata meya kauli mara saba.
Nélida akasonya,
akatia betri mpya.