Doti Yenye Kosa

Robota la Februari lilikuja na kosa.
Doti arobaini, pindo safi, mji wa zambarau,
lakini kwenye jina kuna mtu alisinzia kiwandani:
MUNDU NI MWEMA.
G ilipaswa kukaa pale. Ikakaa D.
Makoroboi nzima walinicheka hadi adhuhuri.
Niliziuza nusu bei, kwa wasiosoma na wenye utani.

Mwezi huohuo vidole vya Shija
vikaumuka kama maandazi.
Alilia usiku kucha, upepo wa ziwa ukipiga bati.
Alfajiri tukapanda Bugando.

Binti wa maabara, Kokushubira,
alinichorea nyuma ya fomu ya malipo
ngazi iliyosokotwa kama kamba,
vidato vyake herufi nne tu:
A humshika T, G humshika C,
hakuna anayebadili mchumba.
Herufi tatu huita tofali moja.
Tofali kwa tofali mnyororo unarefuka,
unajikunja, unakuwa protini, mchukuzi wa hewa.

"Tofali la sita, mama.
A ilipaswa kukaa pale. Ikakaa T."

Hiyo tu.
Likaja tofali lisilopenda maji,
linalotafuta jirani wa kumng'ang'ania.
Hewa ikipungua, protini zinagandana, zinasimama fito,
na chembe ya damu, iliyokuwa duara kama kisahani,
inapinda.
"Inapinda kama nini?"
Nilijua kabla hajaandika: selimundu.

Kisha akasema habari za doti. Neno lilikuwa langu, si lake:
yeye alisema nakala mbili,
moja ya baba, moja ya mama.
Mimi nina kipande kimoja chenye kosa. Lushinge naye kimoja.
Ndiyo maana malaria ya Igombe,
iliyowazika dada zangu wawili kabla hawajaota magego,
kwangu ilipita kama mgeni aliyekataa kiti.

Shija amepewa vyote viwili.
Kulwa na Doto tutawapima Jumatano.

Imebaki doti moja nyumbani. Sijaikata.
Miguu ikimuuma, namfunika nayo.
Jana Kulwa, anayejifunza kusoma,
aliburuza kidole kwenye jina, akakwama juu ya D.
"Mama, hapa wamekosea?"

"Nusu," nikamjibu.
"Kamletee mdogo wako maji."