Kasoro

Tulikubaliana saa kumi jioni, maegesho ya Lielahti,
nyuma ya duka la matairi, ambako theluji
huwa nyeusi kabla haijayeyuka.
Januari: taa za barabarani zilishawaka zamani.
Akaja na baiskeli, mkoba mgongoni umempita kimo,
kwenye usukani mfuko wa plastiki, pedali tatu ndani.
"Tuulikki," akasema.
"Ahvo," nikasema.
Kwetu Tampere hapo mazungumzo yangeweza kuisha.

Akafungua zipu juu ya boneti ya gari langu.
Nikaiona.
Sikuhitaji kuwasha tochi nisome nambari.
Ile alama ya kuungua kichwani,
kati ya kigingi cha pili na cha tatu,
sigara yake niliiwasha mimi,
usiku tulipopiga Pori mbele ya watu tisa,
wawili wao wahudumu wa baa.

Niliinunua mpya, nikakaa nayo miaka saba,
nikamuuzia mtu wa Oulu
nilipe kodi ya miezi miwili na deni la dereva.
Baada ya Oulu sijui ilipita mikono ya nani.
Nyuzi si zile. Kuna kibandiko cha timu ya magongo.
Hata harufu imehama: sasa inanuka nyumba yenye mbwa.

"Mia tatu na hamsini," akasema. "Pamoja na pedali."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza;
na mimi, ninayekula kwa kununua na kuuza mitumba ya namna hii,
kazi yangu ni kukitembeza kibaya mpaka kichoke.
Shingo imepinda, nikasema.
(Niliisimamisha kando ya kipasha joto msimu mzima.)
Soketi inalegalega.
(Niliukanyaga waya, Seinäjoki, tukaanguka wote wawili.)
Hiki kifundo cha pili kimekufa.
(Nilikichokonoa kwa kisu cha siagi.)
Na hii alama ya sigara, je?

Akainamisha macho kama yeye ndiye aliyevuta.
"Niliambiwa mwenyewe wa kwanza alikuwa mlevi.
Mia tatu, basi."

Yuro hamsini.
Sijawahi kupunguziwa bei
kwa makosa yangu mwenyewe.

Nikamuuliza kwa nini anaiuza. Nilitarajia shida:
kodi, mimba, mwanamume.
"Nimepata bendi. Wanataka nyuzi tano.
Nne hazinitoshi tena."

Akatoa spika ndogo ya betri, akachomeka.
Pedali ya mwangwi ilikataa, betri ilivuja humo
ikaacha chumvi ya kijani.
Ya mkwaruzo ikakohoa, ikakubali.
Alivua glavu moja tu, ya kulia;
ya kushoto ilikwishakatwa vidole.
Alipiga vizuri kuliko mimi. Naandika hivyo
kwa sababu hakuna namna nyingine ya kuliandika.

"Na hiki," akasema, "hakijafa. Hakizungushwi.
Kinavutwa juu."
Akakivuta. *Tok.*
Sauti ikashuka chini ya matairi, chini ya barafu,
nikaisikia kwenye magoti.
Miaka saba, na kisu cha siagi,
na sikuwahi kukivuta.

Nikalipa mia tatu.
Ndiyo, mia tatu; hamsini nilibaki nazo mfukoni,
akazihesabu zake mara mbili, akapanda baiskeli,
mkoba mtupu ukipepea mgongoni.
Hapana. Mkoba nilipewa mimi. Mgongo ndio ulikuwa mtupu.

Usiku nikaandika tangazo, kama ninavyoandika yote.
*Besi, nyuzi nne. Shingo ina pindo dogo.
Soketi imekazwa upya. Alama ya sigara kichwani.
Kifundo cha pili kinavutwa juu.*
Nikaongeza: *mwenyewe wa kwanza, mlevi.*
Nikalifuta neno la mwisho.
Nikalirudisha.
Pa bei bado sijajaza.