Kopo la Biskuti

Ijumaa jioni, Hull,
mvua inachapa vioo vya duka la kufulia nguo
na sisi tuko ndani, wanawake kumi na mmoja.
Tumeilipia mashine namba nne
ili tuonekane wateja.

Kopo liko mapajani mwangu.
Kila mtu pauni ishirini.
Za Nzigire zina harufu ya vitunguu,
za Siwema zanukia mafuta ya nywele za watu,
za Bi Tatu ni sarafu tupu, kazileta
ndani ya soksi ya mtoto.

Benki imemwambia Nzigire historia yake haionekani.
Historia!
Mwanamke aliyekaanga mandazi Nyarugusu miaka tisa
kwa unga wa kukopa na neno la mdomo,
akalipa kila kibaba.
Tulicheka hadi mwenye duka akachungulia.

Daftari ninalo mimi.
Mistari nimeipiga kwa ubavu wa boksi la sabuni.
Zamu ya kwanza, friza la sambusa.
Ya pili, cherehani.
Ya tatu hatuisemi, ilikwenda kwa wakili.

Halafu Januari, kiwanda cha kuku kikanipunguzia saa.
Nikaja mikono mitupu,
nikaandika jina langu mwenyewe kwa wino mwekundu.
Bi Tatu akalivuta daftari, akalitazama weee,
akasema tu:
"Mwandiko wako mbaya leo."

Na benchi la nyuma yupo Doreen,
mjane, mwenye mkoba wa magurudumu,
anayefua mashuka hapa tangu boila yake ilipokufa.
Mwezi mzima anatutazama.
Tulidhani ataita polisi.

"Mama yangu alikuwa nao mchezo huu," akasema leo.
"Yeye na wenzake, wachambua samaki,
shilingi moja kila mshahara.
Wakiuita didlamu.
Krismasi moja mwenye daftari akatoroka nazo."

Akanitazama.
Wote wakanitazama.

Kisha akafungua pochi,
noti moja, imekunjwa mara nne.
"Niweke mwisho. Mimi nataka boila tu."

Nimemwandika, Dorini, kwa herufi zetu,
chini ya ule wekundu
ambao bado sijaulipa.

Mashine namba nne imeacha kuzunguka.
Ndani hamna kitu.
Siwema anatafuta sarafu nyingine.