Deni la Mkungu Mmoja

Miezi mitatu nimelala chini ya tumbo lake,
mimi Aikaeli binti Mchomvu, fundi wa Pasua,
nikikwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa.
Nyuki walishahamia kwenye bomba la moshi.
Ndani ya tangi la maji niliokota
kandambili moja, ya kushoto,
na risiti ya kahawa, magunia kumi na mawili,
wino umefifia kama jasho kwenye kola.

Kamati inataka ling'are.
Watalii wakishuka mlimani na magoti yanayouma
wapate cha kupiga picha kabla ya uwanja wa ndege.
"Paka rangi tu," alisema katibu, "nje nje."
Nje nje! Kama anayempaka maiti wanja.
Nami nikaanzia ndani.

Baba alikuwa mchochea moto.
Sikulipenda gari hili.
Lilituletea mshahara na kikohozi katika bahasha moja.
Mama alilifua shati lake kwa maji matatu:
ya kwanza meusi, ya pili meusi,
ya tatu akayamwaga bila kuyatazama.
Shuleni waliniita Masizi.
Mji wenyewe unaitwa Moshi, niliwajibu,
ninyi mwadhani mmeoga?

Jumamosi tukaamua kuliwasha.
Si liende; liende wapi?
Hatua sitini mbele ya stesheni reli imezama kwenye magugu,
na mataruma mengine yamekuwa vizingiti vya watu.
Liwashwe tu, lipumue.
Tulikuwa na kuni za mgrevilea,
maganda ya kahawa magunia manane,
maji ya Njoro kwenye madumu, pikipiki zikilia.
Saa nne, geji kimya.
Saa sita mshale ukatikisika
kama mtu aliyeitwa jina usingizini.
Vali ya kushoto ikavuja;
nikaifunga kwa kitambaa na matusi.
Saa nane kasorobo, Togolai, kijana wangu wa kazi,
akavuta mnyororo wa filimbi.

Sijui niiandike vipi sauti ile.
Ilianzia chini, kwenye nyayo,
ikapanda Majengo, ikazunguka Soweto,
muuza mitumba akaacha kunadi,
shati limening'inia mkononi, bei haijulikani.

Ndipo akaja Bibi Ndekirwa,
kanga kiunoni, raba za mjukuu miguuni,
anatembea upesi, kama aliyechelewa.
Rangi hakuiangalia.
Aligonga ubavu wa chuma kwa fimbo, mara mbili,
kama mtu agongaye mlango wa mdaiwa.
"Mwaka wa mvua ile kubwa," akasema,
"mchochea moto alichukua mkungu wangu wa kisukari,
gari limeshaanza kuondoka.
Akasema, mama, kesho nikirudi.
Shilingi tatu.
Alikuwa na pengo, hapa."

Pengo, hapa.
Nikalijua pengo.

Nikatoa elfu tano, mkono umejaa grisi.
Akaitazama noti, akanitazama mimi usoni,
noti hakuipokea.
"Wewe hukula hata moja?"

Usiku mmoja. Koroboi imezimwa kubana mafuta.
Sisi watano kitanda kimoja, maganda yakidondoka sakafuni,
na baba mlangoni ananuka mkaa, anacheka kimyakimya.
Hakuna aliyeuliza zimetoka wapi.

"Nilikula," nikasema. "Nne."
"Basi mwenzangu, deni limeliwa."
Akajiegemeza kwenye ngazi ya injini,
akakunja kanga magotini.
"Lakini mwambie huyo kijana avute tena.
Riba yangu bado."

Togolai akavuta.
Mvuke uliobaki haukutosha filimbi;
ulitoka mkavu, umekwaruza,
vipande vitatu, kisha kimya, kisha kimoja.
Kikohozi.
Katibu akasema tutabadilisha vali.
Nikamwambia asiiguse.